Kula Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Anayejiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito huuliza kwanza atapungua kilo ngapi. Swali ninalotamani aulize mapema zaidi ni hili: nitaulishaje mwili wangu kwa mfuko wa chakula unaojaa kwa vijiko vichache? Katika miezi ya mwanzo kilo hushuka hata kwa mtu anayekula ovyo. Misuli, damu, mifupa na mishipa ya fahamu, hata hivyo, bado vinadai haki yao kila siku. Kula kidogo na kula vizuri ni mambo mawili, na upasuaji hukupa lile la kwanza tu.

Pale maelekezo ya hospitali yako yanapotofautiana na haya, fuata ya hospitali. Wao ndio wanaojua walichokikuta na walichokifanya ndani.

Jua ulichofanyiwa

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Kwenye slivu, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa, na kinachobaki ni mrija mwembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana wengi hushangaa kuona hamu ya kula imepotea. Kwenye baipasi, daktari hutengeneza kifuko kidogo cha takriban mililita 30 na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo, hivyo chakula huruka mfuko mkubwa na sehemu ya kwanza ya utumbo.

Tofauti hii ina uzito katika maisha ya kila siku. Sehemu ya utumbo inayorukwa kwenye baipasi ndiyo inayofyonza zaidi madini ya chuma na kalsiamu, kwa hiyo upungufu huja kwa urahisi zaidi. Aliyefanyiwa baipasi pia husumbuliwa zaidi na vitu vitamu. Aliyefanyiwa slivu husumbuliwa zaidi na kiungulia.

Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, omba karatasi inayotaja aina ya upasuaji na tarehe yake. Piga picha na uiweke kwenye simu. Miaka mitano baadaye, daktari atakayekuona usiku kwa maumivu ya tumbo atahitaji kujua hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Hatua ya 1: Wiki za mwanzo, kutoka maji hadi chakula kigumu

Ratiba hutofautiana, lakini mpangilio wa kawaida ni huu:

Siku ya 1 hadi ya 2: vinywaji vyepesi unavyoweza kuona hadi chini ya glasi, kama maji na supu iliyochujwa isiyo na mafuta.
Hadi mwisho wa wiki ya 2: vinywaji vizito kidogo, yaani maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi wa kunywa usio na sukari, supu iliyosagwa na kuchujwa, na unga wa protini uliokorogwa.
Wiki ya 3 na ya 4: chakula kilichosagwa kwa blenda hadi kisiwe na chembe wala nyuzi.
Wiki ya 5 na ya 6: chakula laini kinachopondeka kwa uma, kama yai, samaki, maharage yaliyoiva sana na mboga zilizochemshwa.
Kuanzia wiki ya 7 au ya 8: chakula cha kawaida, kimoja kimoja, ili ukijua kinachokusumbua ukijue kwa jina.

Wapo wanaojisikia vizuri wiki ya pili na kuruka hatua. Tafadhali usifanye hivyo. Kutokuwa na maumivu si ushahidi kwamba mshono wa ndani umeshika, na kipande cha nyama kwenye mshono mbichi kinaweza kukurudisha kwenye chumba cha upasuaji.

Kazi kubwa ya wiki hizi ni maji. Lengo ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku, na huwezi tena kuyagida. Tumia kikombe kidogo cha dawa chenye mililita 30 na ukimalize polepole kila dakika 15. Hiyo ni mililita 120 kwa saa, na kwa saa 13 za kuwa macho umefikisha zaidi ya lita moja na nusu. Upungufu wa maji ni moja ya sababu za kawaida zinazowarudisha watu hospitalini mwezi wa kwanza, na dalili zake ni rahisi kuzifananisha na uchovu wa upasuaji: kizunguzungu ukisimama, mkojo wa rangi ya kahawia, kinywa kukauka, kichwa kuuma. Maji baridi yakikufanya ujisikie vibaya, jaribu ya uvuguvugu. Wengine ni kinyume chake.

Hatua ya 2: Protini kwanza, kila mlo

Wengi hupewa lengo la gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Ukila chini ya hapo kwa muda mrefu, mwili huchukua protini kutoka kwenye misuli, na unaishia kuwa mwepesi na dhaifu kwa wakati mmoja.

Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8. Samaki aliyepikwa wa gramu 60 hutoa kama gramu 14, na kuku wa uzito huohuo kama 17. Sasa tazama siku moja ya mtu aliyefika mwezi wa tatu: yai moja asubuhi (6), kikombe cha maziwa kilichoongezwa vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta (13), samaki mchana (14) pamoja na vijiko vinne vya maharage (4), kikombe kidogo cha mtindi alasiri (6), na kuku jioni (17). Jumla ni gramu 60. Inawezekana bila makopo ya bei kubwa, lakini haiachi nafasi ya biskuti kati ya mlo na mlo.

Maziwa ya unga ndiyo ningekuonyesha kwanza jikoni kwako. Yanaingia kwenye uji, supu, mtindi na viazi vilivyopondwa, na hayaongezi ukubwa wa mlo. Kama maziwa sasa yanakuletea gesi na kuharisha, jambo linalotokea kwa baadhi ya watu baada ya upasuaji hata kama hapo awali waliyanywa bila tabu, tumia yasiyo na laktosi au ya soya.

Kwenye sahani mpangilio ni mmoja: protini, kisha mboga, na wanga mwishoni kama bado kuna nafasi. Mara nyingi haitakuwepo, na hilo si tatizo.

Hatua ya 3: Jifunze upya namna ya kula

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mazoea ya miaka hayakatwi kwa kisu.

Kata vipande vidogo kama ukucha wa kidole kidogo. Tafuna hadi kiwe uji mdomoni. Weka kijiko mezani kila baada ya tonge, usikishike mkononi ukisubiri. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukizidi hapo unaanza kudonoa, na kudonoa hakuna mwisho. Tumia sahani ndogo. Usile ukiendesha gari wala ukiangalia simu, maana mfuko mdogo hautoi onyo la muda mrefu.

Onyo lenyewe pia limebadilika. Huenda usisikie kushiba kule kwa zamani kwa tumbo kujaa. Badala yake utahisi mgandamizo chini ya mfupa wa kifua, kwikwi, kamasi kuanza kutiririka ghafla, au kupiga chafya. Tonge moja baada ya dalili hiyo ndilo litakalotapikwa. Acha hapohapo hata kama kimebaki kijiko kimoja, na hata kama aliyekupikia amekaa mbele yako. Mweleze mapema, kabla ya mlo, ili asidhani unakidharau chakula chake.

Usinywe wakati wa kula, na subiri dakika 30 baada ya mlo. Kwenye slivu maji hujaza nafasi ya chakula na kuleta kutapika. Kwenye baipasi huweza kukisukuma chakula kishuke haraka, kisha njaa inarudi mapema.

Vyakula vinavyokwama mara nyingi ni nyama ngumu na kavu, kidari cha kuku kilichopashwa moto tena, mkate mlaini unaogeuka donge, wali ulioshikana, na maganda au nyuzi za matunda na mboga. Nyama yenye mchuzi hupita vizuri kuliko ya kuchoma. Vinywaji vya gesi viache: hewa haina pa kwenda, na maumivu yake ni makali.

Kuna kundi jingine ambalo halikwami kabisa, na hilo ndilo hatari yake: biskuti, krispi, aiskrimu, chokoleti, juisi, maziwa yenye sukari. Haya huyeyuka na kuteleza. Mtu anaweza kushindwa kumaliza kipande cha samaki, kisha akamaliza pakiti ya biskuti bila kuhisi chochote.

Hatua ya 4: Vitamini za maisha yote

Nimeipa sehemu hii nafasi kubwa kwa sababu uzito unaorudi huonekana kwenye kioo, lakini vitamini inayopungua haionekani. Unaweza kupendeza, kusifiwa na kila mtu, huku mishipa ya miguu inaanza kufa ganzi.

Vinavyohitajika kwa kawaida, kwa kipimo ambacho daktari wako atakirekebisha kulingana na damu yako, ni hivi:

Multivitamini kamili yenye madini, kila siku. Zile za kutafuna mfano wa peremende mara nyingi hazina madini ya chuma, kwa hiyo soma lebo.

Vitamini B12, mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa siku kwa mdomo, au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Ini huhifadhi akiba ya B12 ya muda mrefu, ndiyo maana anayeacha huweza kukaa mwaka na zaidi akidhani yuko salama. Baadaye huja ganzi miguuni, ulimi kuuma, kusahau na upungufu wa damu. Ganzi iliyokaa muda mrefu huenda isiondoke yote hata baada ya tiba.

Madini ya chuma, miligramu 45 hadi 60 kwa siku kwa wanawake wanaopata hedhi na kwa waliofanyiwa slivu au baipasi.

Kalsiamu, miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, pamoja na vitamini D, mara nyingi yuniti 3,000 kwa siku. Chagua kalsiamu sitreti, kwa kuwa haihitaji asidi nyingi ili ifyonzwe. Mwili haupokei zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mkupuo, hivyo igawe mara mbili au tatu.

Vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Mtu anayetapika kila siku huimaliza haraka, na ubongo huanza kuumia: kuona vitu viwiliviwili, kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura. Kama umekuwa ukitapika kwa siku kadhaa na umefika hospitali, sema wazi kwamba ulifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na uulize kuhusu vitamini B1 kabla ya kuwekewa dripu ya glukosi, maana glukosi peke yake inaweza kuzidisha madhara.

Chuma na kalsiamu hugombania mlango mmoja wa kuingilia mwilini, kwa hiyo vitenganishe kwa saa mbili au zaidi. Chai na kahawa pia huzuia chuma. Ratiba inayowezekana ni kalsiamu saa mbili asubuhi, multivitamini na chuma saa sita mchana, kalsiamu saa kumi jioni na tena saa tatu usiku. Weka kengele kwenye simu. Kidonge kikikuletea kichefuchefu, omba cha aina nyingine au cha maji, lakini usikiache kimyakimya.

Hatua ya 5: Kukabiliana na madhara

Kushuka kwa chakula ghafla, au dampingi. Hili huwapata zaidi waliofanyiwa baipasi. Sukari nyingi ikifika kwenye utumbo mdogo kwa haraka, huvuta maji kutoka mwilini. Ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linakata, unaharisha, na unatamani kulala chini. Lala kweli, kwa nusu saa, hupita. Kisha angalia ulichokula, na uchunguze lebo za mtindi, vinywaji na dawa za maji za kikohozi, maana sukari hujificha humo.

Ipo namna ya pili, inayokuja saa moja hadi tatu baada ya mlo. Kongosho limetoa insulini nyingi kuliko inavyohitajika na sukari ya damu inashuka: kutetemeka, njaa ya ghafla, macho kutoona vizuri, akili kupotea kidogo. Mara nyingi huanza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati mtu alishaamini kwamba mambo yametulia. Pima sukari ukiweza. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), tumia kiasi kidogo cha glukosi, gramu 15 hivi, kisha kula kitu chenye protini. Ukiishia kwenye soda au pipi tu, insulini itapanda tena na utaanguka mara ya pili. Ikijirudia, au ukizimia, nenda kwa daktari na uache kuendesha gari hadi upate tiba.

Kutapika. Mara moja baada ya kula haraka ni somo. Kila siku si kawaida. Ukianza kutapika hata maji katika miezi mitatu ya kwanza, huenda kiungo, yaani pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, kimepata kovu na kuziba. Daktari hukipanua kwa mpira wenye kamera, bila kukata upya.

Choo kigumu. Chakula ni kidogo, maji hayatoshi na chuma hukausha. Ongeza maji kwanza, kisha mboga laini, kisha kutembea. Nyuzinyuzi za unga bila maji ya kutosha huzidisha tatizo. Dawa ya kulainisha choo kwa muda mfupi haina aibu yoyote.

Nywele kunyonyoka. Hili huwaumiza watu moyo kuliko wanavyokiri. Huanza kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kwa sababu mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka hupeleka nywele nyingi kwenye mapumziko kwa wakati mmoja. Mizizi haijafa, na kwa kawaida zinaota tena. Hakikisha protini, chuma na zinki. Vidonge vya bayotini huuzwa sana kwa ajili hii, lakini kama huna upungufu wake havina msaada ulio wazi, tena huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo. Ukivitumia, mwambie anayekupima.

Kiungulia. Usile ndani ya muda wa saa tatu kabla ya kulala, inua kichwa cha kitanda, tumia dawa ya asidi uliyoandikiwa. Kikiendelea baada ya slivu, omba uchunguzi wa mpira wenye kamera.

Vijiwe vya nyongo. Kupungua haraka huvitengeneza. Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula mafuta ni ya kuripoti. Hospitali nyingi hutoa dawa ya kuvizuia kwa miezi sita ya mwanzo, na inafaa kuimaliza.

Hatua ya 6: Dawa, pombe na sigara

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kuleta vidonda kwenye mfuko mdogo, hasa baada ya baipasi. Parasetamoli ndiyo mbadala wa kawaida. Mwambie kila daktari wa meno na kila muuza dawa. Sigara huleta vidonda vilevile.

Dawa za kisukari na shinikizo la damu huhitaji kupunguzwa mapema, wakati mwingine ndani ya siku chache, maana sukari na presha hushuka kabla hata ya kilo. Anayeendelea na insulini ya zamani huku anakula vijiko vinne yuko hatarini. Usijipunguzie mwenyewe, uliza siku ya kuruhusiwa. Vidonge vinavyotoa dawa polepole huenda visifyonzwe vizuri tena.

Pombe hupanda kichwani haraka zaidi na kukaa muda mrefu, na wapo wanaoanza kuitegemea katika mwaka wa pili ingawa hawakuwa na shida nayo zamani. Ushauri wangu ni kuiacha.

Kwa wanawake: uwezo wa kushika mimba hurudi haraka uzito ukishuka, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi ipasavyo baada ya baipasi. Tumia njia isiyopitia tumboni, na subiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba.

Usisubiri asubuhi

Nenda hospitali mara moja ukipata homa, mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika ukiwa umepumzika, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda hadi bega la kushoto, pumzi fupi, uvimbe wa mguu mmoja, kutapika damu, au choo cheusi kama lami (chuma pia hukifanya choo kiwe cheusi, lakini choo chenye kunata na harufu kali ni kingine). Kwa aliyefanyiwa baipasi, maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka hata miaka kadhaa baadaye yanaweza kuwa utumbo umejipenyeza na kunasa. Hilo huhitaji picha ya CT na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Vipimo, na kilo zikirudi

Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka: wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, folati, vitamini D, kalsiamu, homoni ya tezi zinazodhibiti kalsiamu (PTH), ini na figo.

Uzito husimama wakati fulani, mara nyingi kwa mara ya kwanza karibu na wiki ya tatu, kisha huendelea kushuka hadi kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Baadaye kilo chache kurudi ni jambo la kawaida. Zikizidi kupanda, rudi kliniki mapema. Watu wengi hukimbia kliniki wakati huo hasa kwa kuona haya, na wanaokaa nje ndio wanaokosa dawa, ushauri na uchunguzi ambao ungewasaidia. Andika kwa wiki moja kila unachokula na kunywa pamoja na saa, bila kujihukumu. Chukua na orodha ya dawa na vitamini unazomeza kwa kweli, majibu ya mwisho ya damu, na ile karatasi ya upasuaji. Ukiwa na hivyo vinne mkononi, mtaalamu wa lishe anaweza kuanza kazi siku hiyohiyo.